Pete za Dufu la Khala Shilan

Kila Idi kubwa, asubuhi ya siku ya pili, nyumbani kwa ami yangu kule Mabela, Maskati, wanababua kichwa na miguu ya mbuzi juu ya moto wa gesi, nje uani, kwa ajili ya supu ya makongoro. Harufu ile mnaijua. Yanaanza kuungua manyoya, halafu ngozi inajikunja, halafu inakuja ile harufu nzito inayokamata kwenye abaya mpaka uifue mara mbili. Wenzangu wakiinusa wanameza mate. Mimi nikiinusa nakasirika. Wateja wanaokuja dukani kwangu kushonesha nguo wananijua kwa kucheka na kwa ndoto zangu za mchana, ningekuwa na hiki, ningefika kule. Hawawezi kuamini kwamba mtu huyo huyo anaweza kusimama karibu na sufuria ya supu akatamani kuipiga teke.

Idi hii iliyopita mjukuu mmoja wa Ami, msichana wa miaka minane, aliziba pua kwa harufu. Ami alikuwa kakaa kitini, mkongojo kauegemeza ukutani, akacheka akasema, "Huyu shangazi yenu naye hivo hivo, alikuwa hatulii. Aliliangusha dufu la jirani yetu Mkurdi likapasuka kati kwa kati. Tukahangaika kulilipa."

Wakacheka wote. Mama yangu naye akacheka, tena kwa mapenzi, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mwanawe wa zamani.

Mimi sikuliangusha dufu lile. Ami anajua kama sikuliangusha. Au alijua, na sasa hajui tena, na hilo ndilo linalonichoma zaidi: uongo ule ulikaa nyumbani kwetu ukapewa godoro, ukapewa sahani yake, na sasa unapakatishwa watoto.

Ngoja niwaelezeni ilivyokuwa.

Tulikuwa tukikaa Hail, hapo hapo Maskati, wakati ule viwanja vitupu vya mchanga vilikuwa bado vingi kuliko nyumba na mbuzi wa watu wakila maboksi. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka. Katuni saa kumi, kutoka nje mpaka jua liishe makali, maji ya eisi, ile mashine ya baridi, yakitona kwenye ndoo na bibi zetu wakiyamwagilia maua. Nyumbani kwetu alikuwapo Bibi, mzaa baba, aliyezaliwa Unguja na kuhamia Maskati akiwa mtu mzima na watoto wake; mama; mimi, wakati ule binti wa miaka tisa; na Ami, ndugu mdogo wa baba, ambaye alikuwa bado hajaoa. Baba alikuwa akifanya kazi Salala, tukimwona mwisho wa mwezi. Ndani tukisema Kiswahili, mlangoni Kiarabu.

Ukuta kwa ukuta na sisi alihamia mwalimu wa hesabu kutoka Iraq, na mkewe, na wana wao wawili wa kiume. Mtaa mzima ukiwaita Wairaki. Bibi akawapelekea sahani ya visheti, akarudi kashangaa, maana yule mke alimwambia kwamba yeye ni Mkurdi, na Bibi hakuwa akijua Mkurdi ni mtu gani.

"Nnavoona mimi," Bibi akasema, "ni Waarabu wa milimani."

Mimi na mdomo wangu nikaenda kumwambia mwenyewe. Alikuwa jikoni anakunja majani ya mzabibu kwa wali ndani yake. Alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Mwambie bibi yako, milimani ni kweli," akasema kwa Kiarabu chake kizito. "Waarabu, hapana."

Huyo ndiye Khala Shilan; khala, mama mdogo, ndivyo nilivyomwita. Mikono mipana, nywele nyekundu za hina, na chai nyeusi kwenye vigilasi vidogo ambayo alinipa kama anavyopewa mtu mzima. Dirisha la jiko lake lilielekea kamba yetu ya kuanikia nguo. Kila nikitumwa kuanua nguo namsikia anaimba, na kuimba kwake hakukuwa kama kwa redio. Hakukuwa na ala hata moja. Sauti peke yake, inaanza juu, inateremka kwa vidato kama mtu anayeshuka ngazi gizani, inasimama, inavuta pumzi, inaendelea kumwaga maneno mengi mengi kwa haraka. Na wakati wote huo kiganja chake kimoja kakiweka sikioni.

Nikaona maskini, sikio linamuuma.

Nikamwambia Bibi. Bibi hakupoteza wakati. Akapasha moto mafuta ya ufuta na punje ya kitunguu thomu ndani ya kijiko, akaloweka pamba, akanituma. Khala Shilan alinitazama mimi, akaitazama pamba, akakaa chini kwenye sakafu ya jiko akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akageuza kichwa akaniacha nimtie yale mafuta, kwa sababu, alisema, dawa iliyoletwa na mtoto hairudishwi.

"Haliumi," akaniambia. "Kwetu tunaimba hivi. Mkono unakurudishia sauti yako, ujue kama unasema kweli."

Hapo ndipo nilipoanza kwenda kila siku. Alinieleza kwamba kwao wapo watu wanaoitwa dengbej. Deng ni sauti, bej ni kusema. Dengbej anabeba visa vya watu kichwani, vita, harusi, misiba, mwaka wa njaa, na anaviimba kwa sauti tupu, hana karatasi wala chombo mkononi. Mama yake Khala Shilan alikuwa mmoja wao, ingawa akiimba mbele ya wanawake tu, wakati wa kufuma na wakati wa kulilia maiti. Nyimbo zake zote alimwachia binti yake huyu. Na Khala Shilan hakuwa na binti. Wale wanawe wawili akianza tu kuimba wanafunga mlango wa chumba chao, wanaona haya majirani wasisikie.

"Basi nifundishe mimi," nikasema. Ningesema hivyo hivyo kama angekuwa fundi wa matairi. Mimi nilikuwa nataka kila kitu.

Nikaleta daftari la shule. Akalifunga. "Ukiandika utasahau. Sikiliza, urudishe." Akaimba kipande, nikarudisha. Nikikosea silabi moja ananirudisha mwanzo. Hakuwa mkali, lakini kwa jambo hilo alikuwa jiwe. Neno usilibadilishe, akisema, hata kama hulijui maana; aliyenipa mimi hakulibadilisha, na aliyempa yeye pia.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kijana mmoja ambaye mama yake kashikwa na homa katikati ya joto, na hakuna kinachoweza kumpoza ila theluji. Kijana huyu akapanda mlimani kwenye pango ambamo theluji haiyeyuki hata kiangazi, akakata bonge, akalifunga kwa majani na gunia, akalibeba mgongoni. Njiani kila anayemkuta ana haja yake: mwenye kidonda anaomba kidogo, mwenye mtoto mchanga anaomba kidogo, askari wanamsimamisha wanamuuliza kabeba nini. Na kila akisimama, maji yanamtiririka mgongoni mpaka visiginoni. Mimi theluji nilikuwa sijaiona. Nilidhani ni ile barafu nyeupe ya ndani ya friza, na kila nikiimba nilikuwa namwona kijana huyo anakwangua kwa kijiko cha chuma, kama Bibi alivyokuwa akifanya kila Alkhamisi.

Siku moja nikamuuliza kijiji chao kiko wapi. Akasema hakipo tena. Kilivunjwa chote, hata mawe ya kisima yaling'olewa. Wakati ule Hail nyumba za zamani za udongo zilikuwa zikivunjwa kila leo, na wenyewe wakijengewa villa mpya zenye madirisha ya bluu. Nikafurahi kwa ajili yake.

"Mkajengewa nyumba ngapi?" nikamuuliza.

Akaniongeza sukari kwenye chai. Mpaka leo nikilikumbuka swali lile natamani ardhi inimeze, ingawa nilikuwa mtoto, na kosa la mtoto halina kesi. La mtu mzima ndilo lenye kesi, na ndiko ninakokwenda.

Sebuleni kwake, juu ukutani, mbali na eisi, kulikuwa na kitu cha duara ndani ya mfuko wa kitambaa cha maua. Lilikuwa dufu. Pana kuliko ya kwetu, jembamba, jepesi, ngozi yake unaona kivuli cha mkono upande wa pili. Na ndani ya ubao wake wa mviringo, pande zote, zilining'inia pete ndogo za chuma, moja moja, kama meno. Lilikuwa la baba yake. Alikuwa akilipiga kwenye zikri, na pete zile alizikunja mwenyewe kwa mkono wake, majira ya baridi, wakati theluji imewafungia ndani. Khala Shilan akilitikisa tu zile pete zinavuma kama mvua inayokuja kutoka mbali. Aliniahidi kwamba nikiumaliza wimbo wa theluji bila kukosea, tangu mwanzo mpaka mwisho, ataniteremshia nilishike.

Sasa Ami. Ami alikuwa na kikundi cha maulidi. Vijana wazuri, kanzu nyeupe, sauti nzuri, madufu manne. Mfungo sita ule maulidi yalikuwa yasomwe kwetu baada ya alasiri, na watu walikuwa wamealikwa kutoka Madinat Sultan Qaboos mpaka Sib. Siku hiyo hiyo ikajulikana kwamba mwenye dufu la nne kahamishiwa kazi Suhar na dufu lake kaondoka nalo. Ami akazunguka nyumba kama kapoteza mtoto. Bila ya manne, akasema, itikio halitoki.

Nikasema, "Khala Shilan analo."

Hilo nimelifanya mimi. Sijifichi. Nilitaka Ami anisifu, na alinisifu. Akaniweka mkono kichwani akasema binti yetu ana akili kuliko kikundi kizima.

Nikatumwa kuazima. Khala Shilan alijifuta mikono kwa mtandio. Akalitazama lile dufu, akanitazama. Nikamwambia ni la kumsifu Mtume.

"Baba alikuwa akilipiga siku ya maulidi," akasema mwishowe. "Kwetu pia tunamsifu." Akapanda kiti akaliteremsha mwenyewe. Kabla hajanipa alinishika bega. "Mambo mawili, uwaambie kama nilivyosema. Lisipelekwe motoni. Ngozi yake si nene, likilegea walisugue kwa kiganja, litapanda. Na pete wasiziguse."

Nikayabeba maneno mawili yale kama ninavyobeba wimbo, silabi kwa silabi. Nikamkuta Ami uani na wenziwe. Nikayasema yote mawili, kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya watu sita. Nataka hili lieleweke. Niliyasema.

"Haya, mualimu," Ami akasema. Wakacheka.

Akalitoa dufu kwenye mfuko. Pete zikavuma. Mmoja wao, mnene, akasema, "Lina njuga hili."

"Njuga za ngoma hizi," mwingine akasema. "Utasoma maulidi na njuga? Watu watasema tumeleta msondo."

Nikasema, "Khala kasema zisiguswe."

Ami akanambia niende kwa wanawake. Akamtuma mtu alete koleo kwenye gari. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, dufu kalipakata mapajani, akaanza kuzifungua pete moja moja. Anaikamata kwa koleo, anaipindua, anaipanua mdomo, anaidondosha kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila moja ikianguka inalia. Yule baba kule milimani alikaa baridi nzima anazifunga, na Ami alizifungua kwa muda wa kunywa kahawa vikombe viwili. Hakufanya kwa ubaya. Hilo ndilo watu wa kwetu huniambia nikikasirika: hakukusudia ubaya, alikuwa anataka maulidi yawe safi. Najua. Nimechoka kujua.

Kisha wakawasha makaa kwenye bati. Madufu ya kwetu yana ngozi nene ya mbuzi. Maskati na unyevu wake, usipoyapasha hayasemi kitu. Unaligeuza geuza juu ya moto, unalipiga kwa kidole, unalirudisha mpaka lilie juu. Ndivyo walivyofundishwa na baba zao, na ndivyo walivyofanya na la Khala Shilan. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko. Nikanusa. Nikaita, "Ami, Khala kasema lisipashwe."

"Toto hili litanifundisha dufu?"

Likapasuka. Halikutoa mlio mkubwa, mlio mdogo tu, kama mtu katema kokwa la tende. Ngozi ikafunguka kutoka ukingoni mpaka katikati, na kingo za ule mpasuko zikajikunja, kahawia. Harufu ile. Yule mnene akasema, "Ngozi ya Kiiraki hiyo," wakacheka tena, na maulidi yakasomwa kwa madufu matatu. Itikio lilitoka. Hakuna mtu hata mmoja aliyejua kwamba lilikuwa pungufu. Wakala biriani, wakafukiza udi, wakaenda zao.

Jikoni, sufuria zikisuguliwa, ndipo ilipokatwa hukumu. Alikuwapo Bibi, Ami, na mama. Ami alikuwa kainama, haya imemjaa, hilo nalo nalisema kwa haki yake. Alisema atakwenda mwenyewe kwa yule mwalimu, mwanamume kwa mwanamume.

"Hwendi," Bibi akasema. "Utamwambia nini mtu? Kwamba umeazima kitu cha watu ukakitia koleo, ukakitia moto? Hao wageni, watatuona washenzi. Mtoto ndo aliyeazima, mtoto ndo atakayerudisha. Ataambiwa limemponyoka. Mtoto husamehewa."

"Lakini si mimi," nikasema.

"Najua si weye."

"Na nilimwambia Ami. Nilimwambia mara mbili."

"Nyamaza mwanangu," Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, Mungu amrehemu, kila alichonifanyia katika dunia alikifanya kwa upole. "Nnauokoa ujirani. Wewe utasahau kesho."

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anasuuza sahani. Akaisuuza tena ile ile sahani.

Usiku ule nililitoa lile kopo kwenye taka nikalificha chini ya kitanda. Asubuhi Ami akaenda soko la Matrah akarudi na dufu jipya, nene, ubao wake umepakwa rangi ya kijani, na bakuli kubwa la halwa. "Dufu ni dufu," akasema, zaidi kujiambia mwenyewe. Akanipakiza mikononi halwa, dufu jipya, na lile la zamani ndani ya mfuko wake wa maua.

Khala Shilan alinifungulia akatabasamu, kwa sababu alidhani nimekuja kuimba. Aliutazama ule mzigo. Akaweka kando halwa. Akaweka kando dufu la kijani. Akaufungua mfuko.

Nikasema nilivyofundishwa. "Liliniponyoka, Khala. Likaanguka. Nisamehe."

Alipitisha kidole kwenye ukingo wa ngozi, pale palipokuwa kahawia. Akalinyanyua mpaka puani akalinusa. Akaligeuza akatazama ndani. Tundu tupu, tundu tupu, ubao mzima. Mume wake alikuwa kasimama mlango wa chumbani na kalamu nyekundu mkononi, akarudi ndani.

"Na pete?" akaniuliza. "Nazo zilianguka?"

Hapo palikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi. Angekuwa na hasira na Ami, hasira ya haki, na mimi ningebaki mwanafunzi wake. Lakini nilikuwa nimetumwa na Bibi, na kwetu ukitumwa unafika.

"Ndiyo," nikasema. "Zimepotea."

Aliufunga ule mfuko. Kisha akauinua mkono wake akaliweka tena sikio langu sawa ndani ya mtandio, kwa sababu lilikuwa limetoka, akasema, "Rudi kwenu, binti. Mama yako anakungoja."

Nilikwenda kesho yake. Alinipa chai. Nikamwambia, tuendelee, tulifika pale askari wanapomsimamisha kijana wa theluji mara ya pili. Akasema koo linamuuma. Kesho kutwa yake nikaenda, koo linamuuma. Safari hii sikumletea mafuta. Nilikuwa nimekwisha kuwa mkubwa kiasi cha kujua koo linalouma na koo lililofungwa. Aliendelea kunisalimu, kuniuliza shule, kunipa biskuti. Ila kuimba, dirisha la jikoni likawa linafungwa. Sijui kama aliacha kuimba au aliimba ndani. Nilikuwa naanua nguo polepole, kipande kimoja kimoja, na sikusikia kitu.

Kopo la pete lilikuwa chini ya kitanda changu. Kila siku nikipanga kumrudishia. Lakini nilikwisha kumwambia zimepotea, na kila pete ilikuwa imepanuliwa mdomo, na alama mbili za koleo, moja huku moja huku. Dufu likianguka pete hazifunguki hivyo. Kumpa pete ilikuwa ni kumwambia kila kitu: Ami, Bibi, mama na sahani yake. Nikawa nangoja nipate ushujaa. Wakati nangoja, mkataba wa mwalimu ukaisha. Nilirudi shule siku moja nikakuta kwao wanapiga rangi. Watu wakasema wamekwenda nchi ya baridi, Ulaya, hakuna aliyejua ipi. Mlangoni petu walikuwa wameacha kile kigilasi nilichokuwa nikinywea chai kwao, na dufu la kijani, jipya, bado lina karatasi ya bei.

Ami alilitumia dufu lile miaka mingi.

Basi Idi hii, Ami alipokwisha kucheka, nilivaa ushungi nikatoka. Mama akaniuliza nakwenda wapi na supu iko tayari. Duka langu liko mitaa miwili tu kutoka pale. Nikafungua, nikalitoa kopo kwenye rafu ya vifungo, nikarudi nalo. Walikuwa wamekwisha tandika sufra, sahani zimepangwa. Nikazimwaga pete mbele ya Ami, juu ya nailoni ya sufra. Zikalia vile vile.

Watoto wakazirukia. Yule mdogo wa miaka minane akaivaa moja kidoleni, ikamtoka, maana mdomo wake uko wazi.

"Nini hizi?" akauliza Ami, ingawa alikuwa keshaiokota moja na kidole gumba chake kipo juu ya alama ya koleo.

"Njuga," nikasema. "Ulisema ni njuga za ngoma. Ulikaa juu ya ndoo."

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, leo Idi."

"Bibi yenu ndiye aliyesema," Ami akasema.

"Bibi kafa, Ami, na nampenda. Wewe uko hai, na unacheka."

Ami alikuwa anajaribu kuifunga ile pete kwa vidole. Vidole vyake sasa havikunji vizuri, na chuma kile ni kigumu; aliyekikunja alikuwa na nguvu.

Yule mtoto akanivuta mkono, akaniuliza ni za nani. Nikamweleza. Nilimweleza yote, palepale, mbele yao, supu inapoa. Khala Shilan, mafuta ya ufuta, maneno mawili niliyoyabeba na makaa kwenye bati. Nilipofika kwenye wimbo akataka kuusikia. Sijawahi kuuimba mbele ya watu. Nikaweka kiganja sikioni nikauimba, kwa lugha ambayo mpaka leo maneno yake siyajui moja moja, bila kubadilisha silabi, kutoka pale mama anaposhikwa na homa mpaka pale askari wanapomsimamisha kijana mara ya pili na maji yanamfika visiginoni. Hapo nikakoma.

"Halafu?" mtoto akasema. "Alifika? Theluji ilifika?"

Nikamwambia, "Sikufundishwa mwisho wake. Muulize babu yako kwa nini."

Akageuka. Tukageuka sote. Ami alikuwa na pete mkononi, kaifumbata, na mtoto kamsimamia mbele anangoja.